Piza ya Mzee Yotamu Haina Ngano

Sahani ilirudi. Mama Gloria hakuhitaji hata kuinua macho. Kwa jinsi Minza alivyokuwa akiburuza malapa uani, polepole, bila kuimba, alijua imerudi, na imerudi karibu kama ilivyokwenda.

"Matonge matatu," Minza alisema akiiweka juu ya meza ya jikoni. "Na mchicha kidogo. Anasema ahsante, ameshiba."

"Ameshiba nini, Minza? Hewa?"

"Unaniuliza mimi? Mkwe wako huyo, siyo wangu."

Jina lake hasa ni Tupokigwe, lakini pale Ilomba, Mbeya, kila mtu alimwita Mama Gloria, kwa jina la bintiye aliyekuwa anasoma bweni Iringa. Siku hiyo alikuwa ameamka saa kumi alfajiri. Alikuwa amesimama mbele ya magunia yake ya maharage sokoni Mwanjelwa tangu jua halijatoka, ameinama, amepima, amebishana na wateja wanaotaka nyongeza juu ya nyongeza. Amerudi nyumbani saa tisa miguu imevimba, na bado akawasha moto, akasonga dona, akaunga mchicha kwa karanga, akachoma kipande cha samaki bila mafuta kama daktari alivyoagiza. Kuchoka kwa miguu alishakuzoea. Dawa yake ni beseni la maji ya moto na chumvi. Lakini kuchoka kwa kupika chakula kisicholiwa, jioni baada ya jioni, miezi saba mfululizo, huko hakukuwa na beseni lake.

"Wape kuku," alisema.

Minza akawapa kuku. Walikuwa sita, wa kwake mwenyewe, alikuja nao kutoka Usangu alipopanga chumba cha mbele kwa Mama Gloria ili auze mchele mjini. Walipofika walikuwa mifupa mitupu. Sasa walikuwa wanatembea kwa shida.

Yote haya yangekuwa mepesi kama Tupokigwe angeweza kuvuka zile hatua nne za uani, akafunua pazia la mlango wa chumba cha mzee Yotamu na kumuuliza: baba, chakula changu kina kasoro gani? Lakini hawezi. Yeye ni Mnyakyusa wa Kiwira, mzee ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwao mkamwana hamkaribii baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hali naye, hakai naye chumba kimoja, hampi kitu mkononi. Siyo chuki, jamani, ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi wengi mjini wameiacha, wanapiga picha na wakwe zao harusini wakiwa wamekumbatiana. Ila Tupokigwe alilelewa na mama ambaye siku moja, alipomwona mkwewe anakuja njiani, alijitupa mferejini na ndoo ya maji kichwani. Na mzee Yotamu alikuwa mtu wa kale kuliko huyo mama. Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, Tupokigwe hajawahi kuiona sura ya mzee vizuri. Alichokijua ni kofia, mgongo na kikohozi. Mzee alikohoa mara mbili kila alipotaka kutoka nje, ili mkamwana apate muda wa kujificha ndani.

"Nyie Wanyakyusa mna kazi," Minza alizoea kusema. Yeye Msukuma, mila hiyo haikumhusu, na alikuwa na mdomo usiochoka. "Mmoja anaumwa ndani, mwingine anahangaika nje, mnasalimiana kwa kukohoa. Kwetu ng'ombe tu ndiyo wanafanya hivyo." Lakini ndiye aliyepeleka sahani na ndiye aliyeirudisha, kila jioni, bila kudai kitu.

Mzee aliletwa Mbeya Novemba, sukari imempanda, mguu mmoja umekufa ganzi. Akaanzishiwa sindano, asubuhi na jioni. Kujichoma alijichoma mwenyewe, mikono yake ilikuwa bado mizuri. Nesi alisema neno moja na akalirudia mara tatu mbele ya Masumbuko, mume wa Tupokigwe, naye Masumbuko akalirudia kwa mkewe kabla hajapanda basi kurudi Mgololo, kwenye kazi yake ya kiwanda cha karatasi anakotoka mara moja kwa mwezi. Sindano ikishaingia, chakula kifuate ndani ya nusu saa. Kisipofuata, sukari inashuka mpaka mtu anakufa amekaa kwenye kiti. Machi ilikaribia kutokea. Minza alimkuta mzee anatetemeka, shati limelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, akamnywesha soda nzima. Mzee alikuwa amejichoma sindano, kisha akala matonge mawili tu.

Kwa hiyo kila sahani iliyorudi ilimtia Tupokigwe hofu, na juu ya hofu, aibu. Wifi yake Esnath alikuwa anapiga simu kutoka Tukuyu kila Jumapili.

"Wifi, tunasikia baba amekonda. Watu wanauliza kama huko kwenu kuna njaa."

"Chakula anapewa, wifi."

"Basi labda hakimridhishi. Si unajua baba alikuwa mpishi."

Anajua sana. Nani asiyejua? Mzee Yotamu aliondoka Tukuyu kijana mdogo, akaenda Iringa, akaajiriwa jikoni kwa mapadri Waitaliano kwenye misheni moja nje ya mji. Mmoraviani mzima akawapikia mapadri wa Kikatoliki miaka thelathini na minne. Alioka mikate, alitengeneza tambi kwa mikono, alipika piza kwenye tanuri la matofali alilolijenga mwenyewe. Na sasa mtu huyo amekuja kula mchicha wa mchuuzi wa maharage. Tupokigwe aliamini kabisa kwamba mzee anadharau upishi wake, na kwamba heshima tu ndiyo inamzuia kusema. Akifa, watu watasema mkamwana alimshindisha njaa. Watasema msibani, mbele yake, huku wanakula chakula chake.

Jioni hiyo, Minza alipokwenda kulala, Tupokigwe alivuta kigoda karibu na jiko, akapakata sufuria na kuanza kukwangua ukoko wa ugali kwa kijiko. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake moja kwa siku nzima. Tangu utotoni, mama yake alikuwa akimwita panya wa ukoko. Aliukwangua polepole, akiutafuna ukiwa bado wa moto, na mara nyingi baada ya hapo hakutaka chakula kingine. Kati ya jiko na chumba cha mzee kulikuwa na ukuta wa tofali moja ambao haukufika darini. Upande wa pili mzee alikuwa kimya.

Kesho yake Minza alirudi na sahani, na habari.

"Leo kaongea. Anataka piza."

Tupokigwe alikaa chini. "Piza? Mtu mwenye sukari? Ngano si amekatazwa!"

"Nimemwambia. Kasema anajua. Kasema aliyekwambia piza lazima iwe ya ngano ni nani." Minza akashika kiuno, akaigiza sauti ya mzee. "Mwambie chini panaweza kuwa kitu chochote kinachoshikamana. Kazi ya chini ni kubeba."

Mtu mwingine angekataa. Tupokigwe alitaka kukataa, Mungu anajua, alikuwa amechoka mpaka kwenye nywele. Lakini lilikuwa jambo la kwanza mzee kuliomba kwa miezi saba, na mtu anayeomba chakula ni mtu anayetaka kula. Akamuuliza daktari kliniki. Daktari akacheka, akasema ngano aepuke, viazi aepuke, lakini akitengenezewa ya mboga na mayai hamna neno. Mboga gani? Daktari akasema koliflawa, ile kabichi ya ua jeupe.

Kule Mwanjelwa kulikuwa na mama mmoja wa Kisafwa aliyeshuka na koliflawa kutoka milimani kwa ajili ya watu wa hoteli. Tupokigwe akanunua moja, kubwa. Akaikuna, akaivunjia mayai mawili, akaimwaga kwenye sufuria pana, akafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko kama watu wanavyooka keki. Baada ya nusu saa akafunua. Ulikuwa uji. Uji mweupe wenye nyanya juu.

"Yesu wangu," alisema Minza. "Hii ainywe kwa kikombe?"

Hapo ndipo sauti ilipotoka upande wa pili wa ukuta, nzito, taratibu, ya mtu aliyezoea kuamrisha jikoni.

"Minza! Ungekuwa mtu unayejua kupika, ningekwambia kitu."

"Mimi nauza mchele, mzee."

"Nakwambia wewe hivyo hivyo. Ile mboga ikishakunwa ichemshwe kidogo, ipoe, ikamuliwe kwenye kitambaa. Ikamuliwe mpaka mkono uume. Maji ndiyo adui."

Minza akamtazama Tupokigwe, Tupokigwe akatazama ukuta. Mkwe alikuwa anaongea na Minza, hakuna aliyevunja heshima. Na kila neno lilikuwa lake yeye.

Lakini koliflawa ilikuwa ghali, na msimu wake ukawa umeisha. Wiki iliyofuata Tupokigwe akajaribu dona. Akaukanda unga kwa maji ya moto na mayai, akausambaza mwembamba, akauoka. Ulitoka mgumu. Minza aliugonga kwa kucha, akasema vikipatikana vya namna hiyo ishirini anaezekea choo. Hata hivyo nyanya zilikuwa nzuri, kitunguu kilikuwa kizuri, na juu waliweka maziwa mgando ya Minza mwenyewe, yaliyoning'inizwa kwenye kitambaa usiku kucha mpaka yakashikamana. Mzee aliagiza, kwa kumwambia Minza, kwamba majani ya kivumbasi yale yanayoota penye uzio yachumwe machache na kutupiwa mwishoni.

Sahani ilikwenda. Sahani ikarudi.

"Kala nusu," Minza alisema. "Tazama alivyokata. Katikati kabisa, utafikiri ametumia rula."

"Kasema nini?"

"Ahsante, ameshiba."

Nusu. Hata hiyo aliyoiagiza mwenyewe ameila nusu. Tupokigwe alisimama na ile nusu mkononi, akahisi machozi yanakuja, akayakatalia. Kulia nako ni kazi, na yeye hakuwa na nguvu ya kazi nyingine.

"Wape kuku."

Akakwangua sufuria yake ya ugali, akalala.

Wazo la maharage lilimjia akiwa kazini, ameegemea gunia, na alijiona mjinga. Miaka tisa anauza maharage! Maharage yakichemka sana yanapondeka, yakipondeka yanashikamana, na daktari hajawahi kuyakataza. Akachagua yale ya njano, yasiyo na ganda gumu. Jumatano akajaribu kidogo kwenye kikaango: maharage yaliyopondwa, yai, chumvi, vijiko viwili vya unga wa ulezi. Kilishika. Kilipinduka bila kuvunjika. Alisimama akikitazama kile kichapati cha maharage kwa muda mrefu.

Alhamisi Minza akaondoka. Mpunga wa baba yake ulikuwa tayari kule Usangu, na kwao hakuna anayebaki mjini wakati wa kuvuna, labda awe marehemu. "Siku nne tu," alisema akifunga kanga. "Na nyie msije mkaniulia mzee kwa adabu."

Kwa siku hizo walijipangia bila kupangiana. Tupokigwe aliweka sahani kwenye kigoda nje ya mlango wa mzee, akakohoa, akaondoka. Mzee alitoa mkono nje ya pazia, akachukua. Sahani ilirudi kigodani, karibu kama ilivyokwenda. Na kwa vile Minza hakuwepo wa kuongea naye, mzee akawa anaongea na mlango.

"Wewe mlango," alisema Jumamosi jioni, "kama unajua kupika, maharage nayo yana maji. Yarudi motoni bila mfuniko, yakauke, ndiyo yapondwe."

"Nimesikia," mlango ulijibu kwa sauti ya mwanamke, kwa mbali. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu kwa miaka ishirini na mmoja, na alijibu akiwa amegeukia jiko.

Jumapili hakwenda kanisani. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda, uani kulikuwa kimya, baridi ya Juni imekaa juu ya mabati. Asubuhi mzee alikuwa hakula, na kwa hiyo hakujichoma. Piza ndiyo ingekuwa chakula chake cha kwanza. Tupokigwe akayakausha maharage motoni, akayaponda, akayasambaza kwenye sufuria pana, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko.

Hapo sasa. Mzee Yotamu hakuwa na saa, alikuwa na masikio. Miezi saba yote alijichoma sindano kwa kusikiliza. Mwiko ukianza kugonga sufuria ya ugali, anachukua sindano, na kabla nusu saa haijaisha chakula kiko mlangoni. Minza alikuwa amemweleza Tupokigwe jambo hilo zamani, na wakacheka. Mchana ule mzee alisikia makaa yakipangwa juu ya mfuniko, akafanya hesabu yake ya mpishi, akajichoma.

Tupokigwe akafunua baada ya dakika ishirini. Mkate wa maharage ulikuwa umeiva, lakini umepasuka katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Ungelika. Mtu yeyote angeweka nyanya juu yake na kuupeleka. Lakini yeye aliona ule mpasuko akamsikia wifi Esnath, si unajua baba alikuwa mpishi, akaiona sahani ikirudi. Akautoa, akauweka mezani, akaanza upya. Akachemsha mengine, akakausha, akaponda. Alikuwa amechoka, na mtu akichoka hafikirii vitu viwili kwa wakati mmoja. Alifikiria mpasuko.

"Wewe mlango," alisema akiwa amegeukia jiko, "ya kwanza imepasuka. Natengeneza nyingine."

Mlango haukujibu. Akafikiri mzee amekasirika, kisha akafikiri amelala. Na mzee, aliyekuwa ndani anatokwa jasho, hangeweza kumwambia mkamwana alete chakula upesi. Mtu mzima hamdai mke wa mwanawe chakula kwa mdomo wake. Afadhali asubiri.

Ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imefunikwa, makaa yamepangwa juu, aliposikia fimbo ya mzee ikianguka sakafuni. Haikuokotwa.

Hapo ndipo akili ilipomrudia yote kwa mpigo. Makaa, mfuniko, sindano. Saa nzima na zaidi.

Alitoka mbio mpaka kwenye pazia akasimama. Akaita, "Minza!", wakati anajua Minza yuko Usangu. Akaita kwa jirani wa kushoto, mlango umefungwa. Akamtafuta mtu, mtu yeyote, na uani kulikuwa na kuku sita wanene wanaomtazama. Mkono wake ulikuwa kwenye pazia na hautaki kwenda. Alimwona mama yake mferejini, ndoo imepinduka, maji yanamtiririka usoni, na bado ameinamisha kichwa.

Akafunua pazia, akaingia.

Mzee alikuwa ameegemea ukuta, nusu ameteleza kitandani, midomo inachezacheza. Tupokigwe alirudi jikoni, akachukua chupa ya asali, akarudi, akapiga magoti, akamlaza kichwa kwenye mapaja yake. Akachovya kidole ndani ya asali na kumpaka kwenye fizi, kidogo kidogo, kama anavyolishwa mtoto mchanga. "Meza, baba. Meza, nakuomba. Usinifanyie hivyo." Alikuwa analia sasa, bila kujizuia. Kichwa kilikuwa chepesi mno. Shingo ilikuwa nyembamba, mifupa ya kifua inahesabika. Mungu wangu, alikuwa anakufa njaa kweli, ndani ya nyumba yake, hatua nne kutoka jikoni kwake.

Sijui ilichukua muda gani. Yeye mwenyewe hajui. Mzee alimeza, akameza tena, na baadaye akafumbua macho. Alikuwa na nyusi za Masumbuko na kidevu cha Gloria. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba binti yake amechukua kidevu cha babu.

"Nani?"

"Mimi, baba."

"Wewe nani?"

"Tupokigwe."

Mzee akamtazama, na yeye hakuinamisha kichwa. Kisha mzee akavuta hewa puani.

"Kitu kinaungua."

"Acha kiungue. Kaa hapo hapo."

Alichukua ile iliyopasuka, ya kwanza, akaimwagia nyanya zilizokuwa zimeiva, akatupia maziwa mgando na kivumbasi, akaileta kama ilivyo, haikuokwa tena, vipande viwili vyenye kingo zilizochongoka. Akamkalisha mzee, akampa mkononi. Mzee akauma, akatafuna, akatafuna tena. Alipomaliza matonge machache akaishia hapo, akaivuta sahani, akasukuma kipande cha pili upande wa Tupokigwe.

"Kula."

"Kula wewe, baba. Una sindano mwilini."

"Sili mpaka ule." Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ya mpishi bado. "Nimechoka, mwanangu. Miezi saba narudisha sahani ili ule, na kila jioni bado nakusikia unakwangua sufuria. Mtu mzima, unatoka sokoni tangu alfajiri, unanipa mimi samaki, wewe unakwangua sufuria. Mimi ni mpishi, najua mlio wa sufuria isiyo na kitu. Ningeshibaje?"

Tupokigwe hakuelewa. Halafu akaelewa, na hakutaka kuelewa.

"Baba," alisema. "Ule ni ukoko."

"Ukoko?"

"Ukoko wa ugali. Naupenda. Tangu mtoto naupenda. Chakula kilikuwepo, kila siku kilikuwepo."

Nje, kuku mmoja akapita mbele ya mlango, taratibu, kwa uzito.

"Na kile nilichokuwa nakurudishia?"

Tupokigwe alimtazama yule kuku, na mzee akafuata macho yake.

"Ohoo," mzee alisema. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Tupokigwe akashtuka akidhani sukari inashuka upya, kumbe anacheka. Alicheka bila sauti, machozi yakimteremka, mpaka akashika kifua. "Ndiyo nikaagiza piza. Nilijisemea piza haipikwi ya mtu mmoja. Ni lazima ikatwe, ni lazima mkamwana naye ale. Nikakata katikati, nusu yako. Nayo?"

"Nayo."

"Mnene yupi kati yao?"

"Wote, baba."

Tupokigwe alicheka naye, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio kile alichokuwa amekikatalia wiki nzima, na mzee akamwacha alie, hakukohoa, hakugeuka. Alikula kipande chake mpaka mwisho. Kisha akangoja, mkono kwenye sahani, mpaka mkamwana naye akamaliza chake. Maharage yalikuwa yamekauka vizuri. Yalibeba nyanya bila kulowana.

Aliporudi jikoni, ya pili ilikuwa imeungua chini kabisa, imeganda sufuriani, nyeusi. Akavuta kigoda, akapakata sufuria, akaanza kukwangua kwa kijiko. Kichwa kilikuwa kinamuuma na miguu ilikuwa inawaka moto, na kesho saa kumi alfajiri ilikuwa pale pale.

Pazia lilifunuliwa. Hakusikia kikohozi. Mzee Yotamu alivuka uani kwa fimbo yake, hatua nne, akaketi juu ya gunia tupu upande wa pili wa jiko, akanyoosha kiganja.

"Lete nami niujue."

Tupokigwe akaokota kipande kikubwa kilichobanduka, akakiweka mkononi mwa mkwewe. Mzee akakitia mdomoni, akakitafuna muda mrefu kwa meno yake machache.

"Mchungu," alisema, na akanyoosha kiganja tena.